Nyuzi Themanini na Saba

Miaka kumi na mmoja nimeandika ubaoni,
mwandiko uleule, kona ileile:
Maji huchemka kwenye nyuzi mia.
Nikapiga mstari chini yake, mara mbili,
na darasa likanakili
kama linavyonakili tarehe.

Shule yetu iko El Alto, mita elfu nne na mia moja
juu ya bahari ambayo wanafunzi wangu hawajaiona.
Dirisha la tatu halina kioo; tumeliziba kwa bango la uchaguzi.
Julai maji huganda ndooni
na hakuna anayeuliza sababu:
somo hilo wanalijua kwa vidole.

Jumanne ile tulipata vipimajoto sita,
msaada wa kanisa fulani, vimeviringishwa ndani ya soksi.
Vibatari sita vya spiriti, sufuria sita za kuazima.
Mapovu yakaanza kwa haya, yamejishika kwenye bati,
kisha yakasahau adabu.
"Someni," nikasema. "Andikeni."

Themanini na saba.
Themanini na saba.
Kundi la Efraín: themanini na sita na nusu, na ugomvi.
Themanini na saba.

Penye wengi pana mengi, wanasema;
pale palikuwa na wengi na jambo moja,
nami sikulisikia.
Nikasema vipimo ni vibovu.
Nikasema cha bure hakikosi kasoro.
Nikasema, na sauti hiyo bado ninayo sikioni,
"Futeni. Andikeni mia."

Raba zikakwaruza karatasi thelathini na nne.

Wara Callisaya, mkono wa sweta umefumuka,
mtoto asiyenyoosha kidole hata akijua,
aliandika mia kama nilivyotaka,
na kando yake, kwa herufi za sisimizi:
*Mia ni ya kitabu. Maji yetu, 87.*
Nikampa nne juu ya kumi.

Mama yake huuza supu chini ya magari ya kamba.
Nilikwenda kula, au kushtaki, sijui.
"Mwalimu," akasema Basilia, "maharage yangu
naanza nayo alfajiri, na adhuhuri bado ni kokoto.
Dada yangu kule bondeni huyaivisha
kabla hajamaliza kusuka nywele.
Maji ya huku yana kelele nyingi na moto kidogo.
Kama watu fulani."
Hakuniangalia. Akakaza kifuniko cha sufuria ya mvuke,
ikaanza kupiga mluzi.

Jumamosi nikapanda basi la kushuka Coroico,
soksi moja mfukoni.
Masikio yakaziba, yakazibuka.
Pakiti ya chipsi niliyoinunua kileleni,
imevimba kama shavu la mpiga tarumbeta,
ikanywea kona baada ya kona
hadi ikalala magotini pangu kama leso.
Nilipaswa kuelewa hapo.
Nikangoja jiko la shemeji.

Tisini na nne.
Kipimo kilekile. Jicho lilelile.

Hewa ina uzito, nimelifundisha hilo sura ya tano,
na kuchemka nimekufundisha sura ya tisa,
na katikati ya tano na tisa sikuwahi kupita kwa miguu.
Maji huchemka yanapopata nguvu
ya kumsukuma aliyeyakalia.
Bondeni amekaa mtu mzito.
Kwetu amekaa mtoto.

Jumatatu nikafuta mistari yote miwili.
Nikaandika: *Maji huchemka kwenye nyuzi*
na chaki ikasimama.
"Wapi, mwalimu?" akauliza Efraín,
yule wa nusu na ugomvi.

Nikamwita Wara, nikakata nne, nikaandika kumi.
Akalitazama daftari muda mrefu.
"Sikuandika kama maji yalikuwa na chumvi," akasema.
"Ni tisa."

Nikaandika tisa.